Banda hufumukia mshononi: nilivyowazuia kanu, mwewe na siafu

Mimi ni fundi cherehani. Kuku ni wa nyuma ya nyumba tu, kazi ya jioni nikishafunika cherehani. Ninaishi Muheza, kwenye kiwanja chenye michungwa saba na mnazi mmoja usiozaa. Nasema haya mapema ili ujue unaongea na mtu wa matetea ishirini na tano na jogoo wawili, wote wa kienyeji. Mwenye kuku elfu wa mayai ana mambo yake.

Asubuhi moja ya Aprili, mvua imekatika alfajiri, nilifungua banda nikakuta matetea tisa wako chini. Wawili hawakuwa na vichwa, mmoja ameliwa kifua, na sita waliobaki hawakuliwa kabisa, wana alama za meno shingoni tu. Mlango ulikuwa umefungwa vilevile nilivyouacha. Mama mkwe wangu akaja, akatazama, akasema kicheche. Jirani akasema chatu. Kijana wa bodaboda aliyesimama kuuliza njia naye akatoa hukumu yake: hapa kuna mtu kafanya mambo.

Hapa kwetu kila kinachoua kuku usiku huitwa kicheche, ukiuliza yukoje utapewa wanyama wanne tofauti. Nikazunguka banda mwenyewe. Kwenye bati kulikuwa na nyayo za matope, ndogo kama za paka, zinatoka kwenye tawi la mchungwa lililoegemea paa hadi kwenye uwazi kati ya ukuta na bati, ule fundi aliouacha "hewa ipite". Upana wake vidole vinne. Wiki hiyohiyo nilimwona kwa tochi: mwembamba, madoadoa, mkia mrefu wenye pete nyeusi. Kanu.

Katika kazi yangu nguo haichaniki katikati ya kitambaa. Inafumukia mshononi: kwapani, kwenye zipu, pale vipande viwili vinapokutana na fundi alikuwa na haraka. Banda nalo ni hivyo. Nilikuwa nimetumia pesa kwenye ukuta na mlango, na adui akapita pale ukuta unapokutana na paa. Tangu siku hiyo sitazami kuta, natazama mishono.

Kwanza msome mwizi

Usinunue hata msumari kabla hujajua nani anakuja. Kanu na jamaa zake huuma kichwa au shingo, na wakiwa ndani ya chumba kilichofungwa huua kuliko wanavyoweza kula, kwa sababu kuku haoni gizani na hana pa kukimbilia. Nguchiro hutembea mchana, mara nyingi kwa kundi, na hupenda sana mayai. Maganda utayakuta yamepasuliwa, mengine mbali na kiota, maana wapo wenye kawaida ya kulirusha yai nyuma katikati ya miguu ligonge kwenye jiwe. Yai likitoweka bila ganda wala ute, fikiria nyoka au kenge, hao mara nyingi humeza zima. Kifaranga akipotea usiku bila tone la damu, tafuta shimo la panya. Akipotea mchana, tazama juu. Mbao ikiwa imeng'olewa na udongo umefukuliwa kama kwa jembe, huyo ni mbwa au nyegere, na kama ni nyegere, pole sana, nitamrudia.

Ukiwa na shaka, chekecha majivu ya jikoni, yanyunyize jioni kuzunguka banda kwa upana wa hatua moja. Asubuhi kabla watoto hawajapita, nenda ukasome.

Kisha fanya jaribio hili, ambalo halina gharama. Saa saba mchana, jua likiwa kali, toa kuku, ingia bandani, jifungie. Tulia mpaka macho yazoee giza. Kila panapoingia mwanga pana jambo la kujibu. Mimi niliingia na chaki ya kushonea nikazungushia kila tundu, nikapata thelathini na moja kwenye banda nililokuwa nalisifia. Lile ambalo vidole viwili vinapita, lizibe leo. Dogo kuliko hapo ni la panya na nyoka, nalo lizibe wiki hii.

Wavu

Ukienda dukani ukasema unataka wavu wa banda, utapewa ule mwembamba wa matundu ya pembe sita. Ule ni wa kumzuia kuku asitoke. Anayetaka kuingia hauna habari naye. Mbwa anauchana kwa meno, na kanu au paka shume huingiza mkono, akamshika kuku aliyelala ameegemea, akamla kwa vipande akiwa nje. Ukikuta kuku kakosa mguu au kichwa na bado yuko ndani, ndivyo ilivyokuwa.

Omba wavu mgumu wa kuchomelewa, wenye matundu ya mraba ya nusu inchi. Ni ghali, sikufichi. Mimi nilinunua kidogokidogo, mita tatu leo, mita tano baada ya Idi, kipindi ambacho watu wanashonesha mpaka nalala saa nane. Ukishindwa kuuweka kote, uweke kuanzia chini hadi usawa wa kiuno na kwenye mwanya wa juu wa hewa. Katikati jenga mabanzi. Mabanzi yangu ni ya misaji ya Longuza, shamba la miti la huku kwetu Muheza, mbao ambayo mchwa hawaikimbilii kama mipaini.

Sasa namna ya kuufunga, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wavu ukae upande wa nje wa fremu, ili mnyama akisukuma, aukandamize kwenye mbao badala ya kuung'oa. Usitegemee misumari iliyokunjwa kichwa. Ikipata kutu unaing'oa kwa kidole. Lala papi nyembamba juu ya ukingo wa wavu, kaza kwa skrubu kila baada ya shubiri moja. Na vipande viwili vya wavu vinapokutana, usivigusanishe ukingo kwa ukingo. Vipishanishe upana wa kiganja, ushone kwa waya wa kufungia nondo, jicho kwa jicho, kama unavyopinda ncha ya kanzu. Kazi hii ilinichukua jioni tatu na ikanitoboa vidole kuliko miaka yote ya sindano.

Paa, mlango, ardhi

Ule uwazi kati ya ukuta na bati usiuzibe kwa mbao. Joto la huku na unyevu wake vitakuulia kuku kwa mafua kabla ya kanu. Ufunike kwa wavu uleule wa nusu inchi. Kuna matundu mengine watu hawayaoni: mabonde ya bati yenyewe, vile vinusu mwezi vinavyobaki bati linapolala juu ya mbao. Panya na nyoka mwembamba wanapita hapo. Nilikata vipande vya wavu, nikavikunja kama soksi, nikavisokomeza kimoja kimoja. Halafu nikakata kila tawi lililokuwa karibu na paa kwa chini ya mita mbili. Mchungwa mmoja ulilalamika, msimu ule haukuzaa vizuri, lakini matetea nao walikuwa wanatarajia kutaga.

Mlango: kile kibao kinachozunguka kwenye msumari si kufuli. Mbao ikinywa maji inakaza, ikikauka inalegea, na mnyama anayechakura mlangoni usiku kucha ipo siku kitazunguka. Weka komeo la chuma, na juu yake kufuli, kwa ajili ya wezi wa miguu miwili, ambao wavu hauwasumbui. Hao dawa yao ni banda lionekane kutoka dirisha la chumba unacholala, na mbwa. Angalia pia upande wa bawaba. Mlango ukilegea, mwanya hutokea pale pasipo na komeo, na hapo hakuna anayetazama.

Chini kuna njia mbili. Ama unainua banda, ama unalaza wavu ardhini. Chumba changu cha kulalia, futi nane kwa sita, kimesimama juu ya miguu ya futi tatu, na kila mguu umevishwa bati lililokunjwa mfano wa faneli lililopinduliwa, kama yale ya kwenye maghala ya mahindi, ili panya akipanda agonge kichwa. Uwanja wao wa mchana uko ardhini, na huko nguchiro na mbwa huchimba. Watu wengi wanashauri kuchimba mtaro na kuuzika wavu wima. Nilijaribu, mizizi ya michungwa ikanishinda. Badala yake nimeulaza wavu nje ya uwanja, bapa, upana wa futi mbili, umeshonwa na ukuta, juu yake udongo na mawe. Mnyama anayechimba huanza palepale ukuta unapogusa ardhi. Akikuta waya, anahama kidogo kulia, anakuta waya, anahama kushoto. Hafikirii kurudi nyuma hatua mbili. Majani yakishaota huuoni tena, ila usisahau uko hapo siku ya kufyeka.

Nyegere yeye ni habari nyingine. Ana kucha za kuchimba na nguvu isiyolingana na mwili wake, na mbao za kawaida anazing'oa. Kwangu hajafika. Rafiki yangu aliyeko juu kuelekea Amani alimpata, na kilichomsaidia ni ukuta wa tofali futi tatu kwenda juu juu ya msingi wa zege. Kama wapo kwenu, usipoteze pesa kwenye mabanzi.

Siafu

Hawa nawapa nafasi kubwa kwa sababu ukisoma maelekezo ya kufuga kuku huwakuti, na mimi wameniulia kuliko kanu. Kanu aliua tisa. Siafu, usiku mmoja wa vuli, waliua tetea aliyekuwa anaatamia na vifaranga kumi na wanne wa mwenzake. Tetea anayeatamia hainuki. Kifaranga hajui. Siafu huingia puani na mdomoni, na kuku aliyefungiwa kwenye banda zuri lisilopitisha hata kidole hana pa kwenda. Kadiri ulivyoziba vizuri dhidi ya kanu, ndivyo ulivyowafungia siafu sahani yao. Hilo lilinikalisha chini.

Wanatembea hasa mvua zinapoanza au zinapokolea, masika na vuli. Utaona mstari mweusi unavuka njia, askari wenye vichwa vikubwa wamesimama pembeni. Ukiuona mchana karibu na nyumba, usiku huo usilale kwa amani.

Banda la miguu lina faida hapa. Kila mguu wangu umesimama ndani ya kopo la lita nne lililokatwa nusu, na ndani yake oili chafu, ile gereji wanayomwaga. Siafu hawaivuki. Lakini kuna mambo matatu niliyojifunza kwa hasara. La kwanza, mvua ikiingia koponi, oili inaelea juu ya maji, inafurika, inabaki maji na majani yaliyoelea, na siafu wanayafanya daraja. Kwa hiyo yale mabati ya faneli yashushwe mpaka yafunike kopo kama mwamvuli. La pili, jani moja la nyasi linaloegemea banda linatosha. Fyeka hatua mbili kuzunguka, na usiache ufagio au ngazi imeegemea ukutani. Usiku ule wa vuli walipita kwenye ngazi. Niliiacha mwenyewe. La tatu, vifaranga wakiruhusiwa chini ya banda watatumbukia kwenye oili, basi zungushia kopo kipande cha wavu.

Majivu makavu yaliyomwagwa kwa mstari mnene huwazuia kwa usiku mmoja. Yakilowa, hayana kazi. Mafuta ya taa wengi humwaga, na kweli yanawafukuza, ila usimwage ndani ya banda, yanawaumiza kuku na yanashika moto.

Wakishaingia, usianze kupigana nao. Fungua mlango, toa kuku wote nje gizani, waweke mbali hata kama ni sebuleni, kisha wapukute mmoja mmoja, uanzie machoni na chini ya mbawa. Vaa viatu vya mvua. Waachie siafu banda. Kufikia asubuhi huwa wamekwisha kupita, na utakuta wamekusafishia utitiri, mende na hata vitoto vya panya. Wazee walikuwa wanawaachia siafu nyumba zao kwa hiari kwa sababu hiyohiyo.

Mchana

Watoto wote wanakijua kisa cha kuku aliyeazima sindano ya mwewe akaipoteza, ndiyo maana anachakura mpaka leo na mwewe anakuja kudai kwa watoto wake. Fundi cherehani ukikisikia, unamwelewa mwewe kidogo.

Hatari ni kwa vifaranga, hasa wiki sita za mwanzo. Kwangu mwewe yuko, na kunguru wale wa Zanzibar, walioletwa kisiwani kutoka bara Hindi miaka ya 1890 kula takataka na tangu hapo wameenea pwani yote. Kunguru ni mbaya zaidi kwa sababu anatembea. Anakuja kwa miguu kama mgeni, mmoja anamchokoza mama, mwingine anachukua.

Wiki mbili za mwanzo vifaranga na mama yao wako ndani ya tenga kubwa, na chakula chao humohumo. Baada ya hapo wanahamia kwenye uwanja uliofunikwa juu. Nilifunika kwa wavu wa uvuvi uliochakaa nilioupata Tanga mjini, bei ya soda. Uvute ukaze kama turubai la shughuli; ukiachwa unaning'inia, ndege wananasa, na mwaka juzi fira alinasa kwenye kona ulipogusa ardhi, nikatumia mkasi wangu wa kazi umefungwa kwenye mti wa ufagio kumkata atoke. Kwa hiyo wavu wa uvuvi ukae juu tu, usifike chini.

Mapande ya vitambaa niliyoyatundika kwenye kamba yalimtisha mwewe siku tisa. Vifaranga niliwahi kuwapaka rangi ya ukili, ya zambarau, watu wanasema mwewe hawatambui. Alichukua mmoja, nadhani ili aone ni nini. Kilicho bora ni vichaka: acha mahali wawe na pa kukimbilia, mchaichai, migomba midogo, hata meza mbovu. Tetea akipiga ile sauti ya kuonya, wana sekunde chache tu. Jirani yangu ana kanga wawili wanaopiga kelele kwa chochote kinachosogea, na kwa hilo namshukuru mchana na namchukia alfajiri.

Mayai okota mara mbili kwa siku, saa sita na saa kumi. Yai linalolala kwenye kiota ni mwaliko wa kenge na nyoka. Usiingize mkono kwenye kiota chenye giza. Mulika kwanza, chokonoa kwa fimbo. Akikuuma nyoka, hospitali moja kwa moja, usichanje wala kunyonya. Chakula kilichobaki kiondoe jioni, pumba ziwe kwenye pipa lenye kifuniko, maana panya anafuata pumba, na nyoka anamfuata panya.

Sumu sitaki kuisikia. Mtaani kwetu mtu aliweka sumu kwenye mzoga wa kuku amtege kanu. Wakafa mbwa wawili na paka wa mama mmoja mjane, kanu hatukumwona. Panya aliyekula sumu naye huliwa na bundi, au na kuku wako mwenyewe. Mitego pia niliiacha. Kuna Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, kuua mnyamapori bila kibali ni kosa, na hata ukimuua kanu huyu, mwenzake atakuja kupitia tundu lilelile. Akiwa ni fisi au chui, hiyo si kazi yako wala yangu, mwite afisa wanyamapori.

Jioni yangu iko hivi. Saa kumi na mbili na robo nafunika cherehani. Natazama makopo ya oili, napitisha mkono ukutani kwenye ile mishono ya waya, ngazi nairudisha ndani ya nyumba. Kuku wanaingia wenyewe giza likianza. Nawahesabu kwa tochi kabla ya kufunga, maana kumfungia nje kuku mmoja ni sawa na kumwandalia kanu. Nikipata matetea ishirini na nne, najua ni yule mwekundu asiye na mkia, amelala kwenye mchungwa wa tatu, na itabidi nilete kigoda.